Viboko wa Mto Katuma

Mji wa Mpanda uko magharibi ya Tanzania, katika nchi ya miinuko na misitu ya miombo. Zamani palichimbwa huko madini ya risasi, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikajengwa njia ya reli kutoka Kaliua mpaka Mpanda, mwendo wa kilometa 210, ili kuyachukua. Tangu mwaka 2012 mji huu mtulivu ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Mgeni akitoka Mpanda kwenda kusini, mwendo wa kilometa 35 hivi, hufika kijiji cha Sitalike, kando ya Mto Katuma. Hapo ndipo penye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974. Akifika wakati wa kiangazi, huona jambo la ajabu: viboko wengi wamebanana katika dimbwi la matope, mgongo kwa mgongo, hata maji yenyewe hayaonekani.

Kwa nini hubanana hivyo? Sababu ni ngozi yao. Ngozi ya kiboko ni nene, lakini hupoteza maji upesi. Ikipigwa na jua kali mchana kutwa, hukauka na kupasuka. Kwa hiyo kiboko hushinda majini, na usiku hutoka kwenda kula majani. Wakati wa masika maji hujaa kila mahali, nao viboko hutawanyika. Kiangazi kikizidi, mto hukauka, yakabaki madimbwi machache tu. Basi wote hukusanyika hapo, na madume hupigana vikali wakigombea nafasi. Mamba nao huingia katika mapango ya kingo za mto, wakingoja mvua.

Lakini maji hayo si ya wanyama peke yao. Kabla ya kufika hifadhini, Katuma hupita penye mashamba ya mpunga. Mkulima akiuziba mto, shamba lake hustawi, bali walio chini hukosa maji. Wataalamu waliouchunguza mto huo wameona ya kuwa maji yanayofika hifadhini wakati wa kiangazi yamepungua. Mkulima ana watoto wa kulisha, naye kiboko hana mto mwingine. Kwa hiyo maji hayana budi kugawanywa kwa kiasi, kila mmoja apate haja yake.

Basi mgeni arudipo Mpanda jioni, amejifunza jambo moja: mto ni mmoja, nao walio juu wameshika uhai wa walio chini.