Kiraka cha tarakilishi: Kwa nini usiahirishe

KARANI anaandika barua ya dharura, mara tarakilishi inamwarifu kuwa sharti izimwe na kuwashwa upya. Wengi hukasirika na kuahirisha. Lakini wahenga walinena kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mnamo Machi 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika mfumo wa Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, kirusi cha WannaCry kilipenya katika ufa uo huo, kikafunga faili za watu na kudai fidia. Zaidi ya tarakilishi 200,000 ziliathiriwa ulimwenguni, zikiwemo za hospitali za umma nchini Uingereza.

Hata hivyo, wanaohofia viraka wana sababu. Oktoba 2018, toleo jipya la Windows 10 lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji. Microsoft ililisitisha siku chache baadaye, ikalirejesha Novemba baada ya kulirekebisha.

Je, mifumo inatofautianaje? Katika Windows, faili inayotumika kwa kawaida haiwezi kubadilishwa hadi programu inayoitumia ifungwe. Ndiyo maana mashine huzimwa, kazi hiyo ifanywe kabla ya programu kuamka. Viraka vyake vikuu hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Katika Linux, faili mpya huweza kushika nafasi ya ile kuukuu hata ikiwa inatumika. Hivyo programu nyingi hurekebishwa bila kuzima mashine, isipokuwa kiini cha mfumo. Lakini tahadhari: programu ambayo haijafungwa huendelea kutumia faili ya zamani, pamoja na ufa wake.

Apple nayo huunda mashine na mfumo wake wa macOS, hivyo ina aina chache za mashine za kufanyia majaribio. Tangu 2020, faili kuu za mfumo huo huwekwa katika sehemu iliyotiwa muhuri, isiyobadilishwa ovyo, na masasisho yake hudai mashine iwashwe upya.

Anayetaka utulivu wa muda mrefu ana matoleo maalumu ya Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Hutolewa kila baada ya miaka miwili na kupewa viraka bila malipo kwa miaka mitano. Jambo hili lina uzito kwa shule na ofisi zetu zinazotegemea mashine kuukuu, kwani huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11.

Basi mtumiaji afanyeje? Kwanza, ahifadhi nakala za nyaraka zake nje ya mashine. Pili, akubali viraka vya usalama mapema, akichagua saa ambazo hana kazi. Tatu, toleo jipya kabisa alingoje wiki kadhaa, wengine walijaribu kwanza. Kuchelewesha toleo ni busara. Kuchelewesha kiraka ni kumwachia mwizi mlango wazi.