Mshtarii, Sayari Inayojiwashia Taa

Mei 10, 2024 dhoruba ya Jua iliifikia Dunia, kali kuliko zote tangu mwaka 2003. Ulaya na Amerika watu walitoka nje usiku kutazama aurora, anga likiwaka wekundu na kijani. Huku Dar es Salaam, Mbagala, Tandale na Tegeta, anga lilibaki kama siku zote. Mei 12 intaneti ilizorota vibaya nchini, lakini Jua halikuhusika: zilikatika nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari.

Kwa nini sisi hatukuona kitu? Jua humwaga protoni na elektroni bila kukoma, zikikimbia takriban kilomita 400 kwa sekunde. Huo ndio upepo wa Jua, ambao Eugene Parker aliueleza kwa hesabu mwaka 1958. Ukifika duniani hauanguki tu kwenye ncha, kama michoro mingi ya vitabuni inavyoonyesha. Huvuta na kunyoosha uga wa sumaku wa Dunia upande wa usiku, nishati ikarundikana huko, kisha ikafyatuka na kuzirusha elektroni zikifuata mistari ya sumaku hadi hewani. Mistari inayotokea jirani na ncha hufika mbali sana, huko nishati inakorundikana. Ile inayopita juu ya Dar es Salaam hujipinda karibu na Dunia tu, haifiki huko.

Maelezo hayo yanaitosha Dunia. Tatizo huanza tunapoyahamishia kwenye sayari kubwa, kana kwamba kila aurora ni kazi ya Jua.

Mshtarii iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko sisi, na upepo ukifika huko umekuwa mwepesi mara 27 hivi. Hata hivyo aurora zake zina nguvu kuliko za sayari yoyote nyingine inayolizunguka Jua, na hazizimiki. Chanzo kikuu ni sayari yenyewe, ikisaidiwa na mwezi wake Io. Mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kilikuta volkano hai juu ya Io, na leo tunajua kwamba takriban tani moja ya gesi ya salfa na oksijeni hutoka kwenye mwezi huo kila sekunde. Gesi hiyo hupata chaji za umeme na kunaswa na sumaku ya Mshtarii, sayari inayojizungusha kwa muda usiofika saa 10. Inapotawanyika kwenda nje huanza kuchelewa, sumaku nayo ikaikokota ili iende sambamba na sayari. Mkokoto huo ndio unaozaa mikondo ya umeme inayoshuka kwenye ncha. Ni kama dainamo ya baiskeli: taa inawaka kwa sababu gurudumu linazunguka.

Basi upepo wa Jua una kazi gani pale? Hapa ndipo somo linaponoga. Nadharia ilitabiri kwamba upepo ukiubana uga wa Mshtarii, gesi ingesukumwa ndani, ingezunguka kwa kasi zaidi, mkokoto ungepungua na aurora ingefifia. Katikati ya mwaka 2016 chombo cha Juno, kikiwa kinaikaribia sayari hiyo, kilipima upepo wenyewe huku darubini ya Hubble ikitazama ncha. Mbano ulipofika, aurora iling'aa zaidi, tena kwa siku kadhaa. Upepo usioweza kuiwasha taa hiyo unaweza kuizidishia mwanga, na wataalamu bado wanajadiliana ni kwa njia gani.

Kwa tabia, Zohali iko katikati ya Dunia na Mshtarii. Nayo huzunguka upesi, lakini hulisikiliza Jua zaidi. Januari 2004 chombo cha Cassini na darubini ya Hubble kwa pamoja vilishuhudia wimbi la upepo likifika: aurora ilizidi kung'aa na duara lake likasinyaa kuelekea ncha. Uranusi ilihitaji subira. Milipuko ya Jua ya Septemba 2011 ilifika huko Novemba, na Hubble, iliyokuwa imepangwa kusubiri, ilinasa madoa hafifu ya mwanga. Madoa hayo hayakuwa nchani, kwa sababu mhimili wa sumaku wa Uranusi umeinama karibu nyuzi 60 kutoka mhimili wa mzunguko. Aurora za Neptuni zilipigwa picha dhahiri mara ya kwanza na darubini ya James Webb, katika vipimo vya mwaka 2023 vilivyotangazwa Machi 2025.

Aurora ya Mshtarii haionekani kwa macho kutoka Temeke wala kwingineko duniani; sehemu kubwa ya mwanga wake ni urujuanimno na infraredi. Lakini mikondo inayoiunganisha Io na sayari hutoa pia mawimbi ya redio. Bernard Burke na Kenneth Franklin waliyagundua mawimbi ya Mshtarii mwaka 1955, na mwaka 1964 ikajulikana kwamba nguvu yake hufuata mahali Io ilipo. Husikika vizuri karibu na megahezi 20, kwenye masafa mafupi, kwa sauti ya mchakacho unaopanda na kushuka kama mawimbi. Walimu wa fizikia wa Kinondoni na Temeke, klabu ya sayansi yenye redio nzuri ya masafa mafupi na antena ya waya iliyotandazwa uwanjani inaweza kujaribu kuyanasa. Jaribuni usiku, Mshtarii ikiwa juu, na mchague mahali palipo mbali na kelele za nyaya za umeme.