Samaki, mbao na kamyo: namna familia za Luapula zilikomaa mu biashara

Ku Naviundu, mama anayenunua fungu ya kisense juu ya bukari ya mangaribi haulizi ile samaki ilitoka namna gani. Lakini nyuma ya fungu kuko historia ya familia, na inaanzia kilometa 200 na kidogo toka Lubumbashi, kule Kasenga, ku muto Luapula.

Wakati wa Wabeleji, Union Minière ilikuwa na kazi kubwa ingine zaidi ya kuchimba shaba: kulisha watu wake. Wafanyakazi walipewa posho, na posho inataka samaki. Njo pale waliingia Wagiriki, watu wa visiwa, waliokomalia ku bahari. Walikaa Kasenga, wakaleta mashua ya namna ya kwao, na kufika mwaka 1950 zilikuwa karibu 50. Samaki ilifunikwa na barafu, ikapakiwa ku kamyo paka Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo.

Juu ya nini familia, hapana kampuni kubwa? Samaki mubichi haingojei mutu. Kama mashua ni ya huyu, barafu ya yule, kamyo ya mwingine, kila mumoja anavuta faida upande wake na samaki inaoza mu mabishano. Mwenye vyote mu nyumba moja, na ndugu ao mutoto wa kuaminia ku kila kituo, njo anapita wengine.

Jina moja kila mutu wa Lubumbashi analijua. Nissim Soriano, Muyahudi aliyekimbia kisiwa cha Rhodes kilipokuwa chini ya Wafashisti wa Italia, alifanya biashara ya samaki upande wa ziwa Moero. Mutoto wake Moïse Katumbi alizaliwa kule Kashobwe mu 1964. Mbele ya kuwa gavana mu 2007, mbele ya kampuni ya migodi MCK ya 1997, kulikuwa samaki. Ile kampuni yake ya 1987, Établissement Katumbi, ilitembeza pia kazi ya chakula na ya kusafirisha.

Lakini mashua mingi inaweza kumaliza muto. Pumbu, samaki iliyokuwa inapanda Luapula kwa kutaga mayai wakati wa mvua, ilikamatwa paka mu ile safari, mayai ikiwa mu tumbo. Mu miaka ya 1950 ilikuwa imepunguka sana. Tena mu Novemba 1973 Mobutu akatangaza Zairianisation, na wageni wengi mu inchi wakapoteza maduka na mali.

Kisha ikaja ile kadogo, kisense. Haiombi barafu: inaanikwa ku jua, inaingia mu mufuko, inapanda ku kamyo ya mutu yeyote. Mutumbwi, taa ya usiku na wavu wa macho madogo vinatosha kwa kuanza. Kwa hiyo biashara iliyokuwa ya familia kidogo zenye mali ilifunguka kwa nyumba nyingi, na zaidi kwa wamama, wanaonunua ku ziwa na kuuzisha ku muji. Hii njo mabadiliko makubwa kuliko zote, ingawa haina jina ya mukubwa mu gazeti.

Sasa, mutumbwi na mashua vinatoka mu pori. Muti unaotafutwa ni kama mulombwa, mbao yake ni nguvu na haiharibike upesi mu maji. Lakini unachukua miaka makumi kwa kukomaa, na fundi wa mashua hayuko peke yake: seremala wa vitanda na milango anautaka pia. Mwenye kuchoma makala yeye hachague, anaangusha kila muti, na makala yake yanafika Lubumbashi juu ya kinga, mifuko imefungwa na kamba, kwa kuwasha mbabula ile ile inayopika kisense.