MIGUU IMARA HUOKOA MGONGO



Kahawa ya Uganda inayouzwa nchi za nje huhesabiwa kwa magunia ya kilo 60. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mahali pasipokuwa na mashine, mizigo hiyo hutoka ghalani mpaka kwenye lori kwa mabega ya wachukuzi. Mchumaji wa chai naye hupanda na kushuka mteremko kutwa nzima, kikapu kikiwa mgongoni. Wote hawa hulalamikia kiuno, lakini mara nyingi kinachochoka kwanza ni miguu.

Misuli mikubwa kabisa ya mwili iko kwenye makalio na mapaja. Mtu anayechuchumaa na kusimama na mzigo ulio karibu na kifua hutumia misuli hiyo. Miguu ikilegea, huacha kuchuchumaa na kuanza kuinama, na hapo kazi huangukia kiuno. Kwa hiyo yafaa kila mfanyakazi aimarishe miguu yake. Hakuna haja ya vyuma vya gharama. Dumu la maji latosha, kwani lita moja ya maji ni kilo moja.

Mazoezi yenyewe

1. Kuchuchumaa kwenye benchi. Simama mbele ya benchi imara, miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo. Peleka makalio nyuma, shuka polepole mpaka uguse benchi, kisha simama. Visigino vibaki chini, magoti yafuate upande wa vidole, na mgongo usipinde.

2. Kuchuchumaa na mzigo. Ukiweza zoezi la kwanza mara 15 bila taabu, kumbatia kifuani dumu lenye lita 5 za maji. Kila wiki ongeza lita moja au mbili, mradi mwendo ubaki sahihi.

3. Mguu mmoja mbele. Weka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisha shuka mpaka goti la nyuma likaribie ardhi. Badilisha mguu. Zoezi hili humfaa sana anayefanya kazi mlimani.

4. Mazoezi ya kusaidia. Panda na kushuka ngazi moja imara, mguu mmoja mmoja. Simama na kunyanyua visigino. Lala chali, kunja magoti, kisha inua makalio juu.

Fanya kila zoezi mara 8 hadi 12, upumzike dakika 2, urudie mpaka mikupuo 3 itimie. Siku 2 kwa wiki, zisizofuatana, zatosha. Acha kabla nguvu hazijaisha kabisa. Aliyebeba magunia kutwa asifanye mazoezi jioni hiyo. Asubiri siku ya mapumziko. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni amwulize kwanza mkunga. Mtu mwenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni amwone daktari. Akipata ganzi sehemu za siri au akashindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nguvu si ruhusa ya kubebeshwa

Hapa tuwe waangalifu. Wako waajiri ambao, mtu akiumia, husema hakujua kuinua. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua, bila kubadili kazi yenyewe, hakuzuii maumivu ya mgongo. Uzito wa mzigo lazima nao uzungumzwe.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 127, unaosema kwamba mfanyakazi asitakiwe kubeba mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo Na. 128 la mwaka huo huo linataka mzigo wa mwanamume mzima mmoja ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kuupunguza. Wanawake na vijana wapewe mizigo midogo zaidi. Gunia la kilo 60 limepita kiwango hicho kwa kilo 5. Nchini Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini iliyotungwa mwaka 2006 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya wafanyakazi wake.

Kwa hiyo kila tawi liandike uzito wa mizigo inayobebwa, umbali wake, na idadi ya safari kwa zamu. Mwakilishi wenu aupeleke mezani pamoja na madai haya: mikokoteni, watu wawili kwa gunia moja, meza za kupakilia zenye urefu wa kiuno, na mapumziko ya kutosha. Anayeumia atoe taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo, na nakala ibaki tawini.

Fanyeni mazoezi ili miguu iwatumikie miaka mingi, nyumbani na kazini. Suala la uzito wa gunia tulidai kwa pamoja.