Pasheni Ikinyauka Ghafla, Chunguza Shina Kabla ya Kumwagilia Maji

Leo mpasheni ni kijani, maua yamejaa na matunda yananing'inia kwenye waya. Baada ya siku chache majani yanalegea, kisha mmea mzima unakauka kabla matunda hayajaiva. Wakulima wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji. Maji hayatauokoa.

Chanzo mara nyingi ni mnyauko wa fuzari, ugonjwa unaosababishwa na kuvu wanaoishi udongoni. Kuvu hao huingia kupitia mizizi na kuziba mirija inayopandisha maji. Pasua shina karibu na ardhi: rangi ya kahawia ndani ni dalili ya ugonjwa huu. Hauna tiba. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, uuchome, na usirudishie pasheni mahali hapo, kwa sababu kuvu hao hudumu udongoni kwa miaka mingi.

Chagua mche unaofaa

Kuna pasheni za aina mbili kuu. Ya zambarau hupenda baridi ya nyanda za juu, kama Manyatta na Runyenjes, na ndiyo inayoshambuliwa zaidi na mnyauko. Ya manjano huvumilia joto la sehemu za chini kama Mbeere, na mizizi yake hustahimili ugonjwa huo.

Kwa hiyo, kinga bora ni mche ambao sehemu ya juu ni ya zambarau, imeunganishwa na shina la chini la manjano. Nunua kwenye kitalu kilichosajiliwa. Unapopanda, hakikisha kiungo kimebaki juu ya udongo. Kikifukiwa, sehemu ya zambarau itatoa mizizi yake na kinga yote itapotea.

Shimo, nguzo na waya

Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, kisha uchanganye udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Acha mita 3 kati ya mche na mche, na mita 2 kati ya mistari. Epuka mahali panapotuama maji.

Simamisha nguzo imara na uvute waya kwa urefu wa takriban futi 6. Mche ukikua, bakiza matawi mawili yenye nguvu na uyaongoze kwa kamba hadi kwenye waya, kisha kila moja lielekee upande wake. Wenye mimea michache nyumbani wanaweza kutumia ua imara.

Kupogoa na kutunza maua

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Baada ya mavuno, punguza matawi yaliyokwisha kuzaa, uondoe yaliyokauka na ukate yanayogusa ardhi. Hewa na mwanga vikipita, magonjwa ya majani hupungua.

Safisha kisu kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia mmea mwingine. Kisu kichafu na wadudu vidukari hueneza virusi vinavyofanya matunda kuwa madogo, magumu na yenye maumbo mabaya. Ugonjwa huo pia hauna tiba. Mmea ulioambukizwa hung'olewa.

Maua ya pasheni ya manjano hufunguka karibu na adhuhuri na huhitaji chavua kutoka mmea mwingine. Kazi hiyo hufanywa hasa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mwenye mmea mmoja pekee asishangae kuona maua mengi bila matunda. Ukilazimika kunyunyizia dawa, fanya hivyo jioni nyuki wakiwa wamerudi, na ufuate maagizo yaliyo kwenye kibandiko.

Kwa utunzaji mzuri, mavuno ya kwanza hupatikana kati ya miezi 8 na 12. Pasheni iliyoiva huanguka yenyewe. Okota kila siku ili isioze.

Pata ushauri mapema

Katiba ya 2010 iliweka kilimo cha mazao chini ya serikali za kaunti. Ukiona mmea mmoja umeanza kulegea, usisubiri mstari mzima ukauke. Mwone afisa wa kilimo wa wadi yako, na umweleze ulikonunua miche na ulichopanda hapo awali. Majibu hayo mawili humsaidia kujua tatizo lilikoanzia.