Tairi kubwa kwa pikapu: jaribu kwenye tuta kwanza
Vijana, tope jeusi la mbuga zetu tunalijua: msimu wa mpunga pikapu inazama mpaka unaita ng'ombe waivute. Ndiyo maana unatamani matairi makubwa. Mimi nilitoa 265/65R17 nikaweka 265/70R17. Kimo kiliongezeka milimita 26 hivi. Barabarani safi kabisa. Shambani sasa, nikakata kona huku gurudumu la mbele limepanda tuta, krrr! Plastiki ya madigadi ikaliwa.

Usilipe kabla ya kujaribu hivyo: gurudumu moja la mbele juu ya tuta, usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Ikigusa plastiki kidogo, fundi anapunguza. Ikigusa chuma, rudisha. Acha nafasi ya vidole viwili, tope letu linaganda. Halafu mshale ukisema 80, unatembea karibu 83. Trafiki wa njia ya Geita hana habari na matairi yako.