SEKUNDE ILIYOONGEZWA USIKU WA MWAKA MPYA

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2017, dakika iliyoanza saa 8.59 haikuwa na sekunde 60 kama dakika nyingine. Ilikuwa na 61. Wakazi wa Morogoro waliokuwa wakisherehekea mwaka mpya hawakuhisi lolote, lakini saa rasmi za ulimwengu zilikuwa zimesimama kidogo kuingojea dunia.

Mvuto wa mwezi, ule unaofanya bahari ijae na kupwa, huipunguzia dunia kasi ya kujizungusha, na kasi hiyo pia hubadilika kwa namna isiyotabirika. Saa za atomu hazina tabia hiyo. Ili jua na saa visiachane, tangu mwaka 1972 zimeongezwa sekunde 27, na ile ya 2017 ndiyo ya mwisho hadi sasa.

Tatizo ni kompyuta, ambazo hazipendi kushtukizwa. Katikati ya mwaka 2012 sekunde kama hiyo iliikwamisha mitambo ya kupokea abiria wa ndege huko Australia. Hivyo, Novemba 2022, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua huko Versailles, Ufaransa, kwamba ifikapo mwaka 2035 tofauti ya saa na jua iachwe ikue kupita sekunde moja.

Je, mtu wa Morogoro ahofu? Sidhani. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Morogoro iko kwenye 37 na ushei, na kila longitudo moja ni dakika 4. Kwa hiyo saa ya ukutani ikitimia sita mchana, kwa kawaida jua letu huwa limebakiza karibu nusu saa kufika utosini. Sekunde 27 ni kitu gani hapo? Hata katika Uluguru kwenyewe, jua huwatangulia watu wa Matombo, mashariki ya milima, na wa Mlali, magharibi, hulingoja lipande migongo yake. Lakini saa moja asubuhi yao ni moja.

Anayetuma fedha kwa simu pale Msamvu anahitaji zaidi mitambo yote ikubaliane ni muamala upi uliotangulia. Na hapo lipo jambo la kuangaliwa: miaka ya karibuni dunia imeongeza kasi, na huenda ikabidi sekunde moja ipunguzwe kabla ya 2035. Hilo halijapata kutokea.